Kitanda Chetu Kwenye Simu za Watu

Jumatatu, 3 Novemba

Na bado nasema hakuna mwanamume mwenye mikono kama ya Salim, wifi Mwanasha acheke atakavyo. Kumpenda kaka yake si kosa.

Ameondoka sasa hivi na chupa yake ya chai. Nimefagia. Nimeosha vyombo. Nimelinusa shati lake la jana kabla sijalitia majini. Unga wa mbao na jasho kidogo. Hakuna aliyeniona. Mwezi wa pili huu tangu tufunge ndoa, na bado akiinama kufunga viatu moyo wanienda mbio.

Karakana yake ya useremala iko Mtongwe, sisi tumepanga Bofu, Likoni hii hii. Huenda kwa miguu. Ningeweza ningemsindikiza kila siku mpaka mlangoni, lakini watu watasema.

Leo aliniambia hana kazi wiki hii. Alisema vile mtu anavyosema chumvi imekwisha. Wiki iliyopita vilevile. Watu wanapita, wanasimama, wanasifu kazi yake, kisha wanakwenda kununua vitanda vya chuma.

Jana ami yake Nasoro alipiga simu kutoka Uarabuni. Kuna nafasi ya seremala kwenye kampuni ya mafundi wa mahoteli. Mkataba wa miaka miwili. Jibu analitaka Alhamisi ya tarehe ishirini, isipite. Salim alimwambia atafikiri. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Niliendelea kukuna hata nazi ilipokwisha.

Miaka miwili. Sitaki. Ami Nasoro ni mtu mwema na namwombea dua, lakini SITAKI.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata wazo na nimelifanya. Sijui kungoja.

Kabla sijaolewa niliuza madera mtandaoni, nikiwa chumbani kwangu nyumbani kwa mama, Magongo. Najua kazi hii. Unapiga picha asubuhi, mwanga ukiwa laini. Unaandika maneno machache matamu. Unalipa kidogo, kisha unachagua tangazo limfikie nani. Mji gani. Mke au mume. Umri gani hadi umri gani. Simu inawatafuta wenyewe, huko huko waliko, wanapotazama picha za harusi za watu.

Salim anauza kitanda kwa kungoja mtu apite barabarani. Nikamwambia, nipe mimi ukurasa wa karakana. Akacheka. "Haya, bosi wangu." Bosi wangu! Nimelirudia neno hilo siku nzima.

Taabu ni picha. Karakana haina kitanda kilichokamilika, ina matendegu tu, miguu ya vitanda, yameegemezwa ukutani. Kitanda kizima alichonacho ni chetu. Alikitengeneza mwenyewe kwa ajili yangu kabla ya harusi. Samadari ya kizamani hasa, ya mti wa mbambakofi, matendegu marefu ya kuchongwa, kichwani maua ya rangi na vioo vidogo, nguzo nne za chandarua. Kirefu kwenda juu. Nikikaa ukingoni miguu yangu yaninginia kama ya mtoto.

Nimekitandika shuka jeupe. Nimetupia asumini. Nimeweka leso yangu ya harusi pembeni. Dirisha wazi. Picha imetoka, mashallah, mpaka nimeona haya mwenyewe.

Umri nimeweka miaka kumi na minane hadi thelathini. Ndio wanaooa. Ndio waliomo mtandaoni. Madera yangu yote niliwauzia wao. Na sababu nyingine naiandika hapa tu: sikutaka mtu mzima yeyote akione chumba changu. Wazee hawamo humo, lakini mlango uliofungwa unampa mtu usingizi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mioyo! Mioyo myekundu, mingi, inapanda kama povu la chai. Nimechungulia simu tangu nimalize kuswali alfajiri.

Msichana mmoja kaandika, "Mola nipe mume seremala." Mwingine, "Asumini zimeniua." Mwingine anauliza leso nimenunua wapi. Nimemjibu.

Salim alirudi kutoka swala ya Ijumaa nikamwonyesha. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akatazama kiungo cha tendegu na mfumbati, ule ubao wa ubavuni, kwa muda mrefu. Akasema kona ile ingekaa vizuri zaidi. Mume wangu huyo. Watu wote wanaona mapenzi, yeye anaona kona.

Nimempikia biriani. Nina furaha ya kijinga.

Hakuna aliyeuliza bei bado. Wataanza.

Jumapili, 9 Novemba

Hawajaanza.

Wameanza kucheka. Sijui nani alikuwa wa kwanza. "Hicho kitanda au jukwaa la maulidi?" "Na ngazi yauzwa kando?" Mmoja wa bara kamtaja bibi yake, "Hiyo ni ya shosho yangu." Mwingine akamjibu, "Hata shosho wako alihama." Kijana mmoja alinitumia ujumbe wa kuuliza bei. Nikaruka! Nilipomtajia akasema shukran dada, yeye atatandika godoro chini, maisha ni popote.

Nimelia. Si kwa ajili ya pesa. Kwa ajili ya mikono ile. Nani anamcheka mtu kwa kufanya kitu kizuri?

Salim amesema niwaache, ni watoto. Alisema kwa upole. Lakini hakucheka, na alipodhani sitazami aliweka kiganja juu ya tendegu kama mtu anayempoza mnyama.

Ami Nasoro ametuma picha ya mabweni ya wafanyakazi. Yana kiyoyozi. Salim kanionyesha, akaongeza kwamba kila chumba wanakaa watu sita. Nikasema ni pasafi.

Jumanne, 11 Novemba

Siku mbaya. Naiandika upesi iishe.

Mama mkwe alikuja mchana. Peke yake, kwa miguu, kutoka Mtongwe, na goti lake lile. Nikajua kuna jambo. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba akiwa bado hajaketi. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akanielekezea.

"Rukia, mwanangu. Chumba chenu chafanya nini kwenye simu yangu?"

Nikatamani sakafu inimeze.

Akaniambia, pole pole, bila kupaza sauti, na afadhali angepaza. Kwamba chumba cha maharusi hakiingiwi hata na yeye aliyemzaa bwana harusi. Kwamba yeye ameolewa miaka arubaini na jirani hajawahi kuona shuka lake ila likiwa kwenye kamba. Kwamba picha yangu sasa yazunguka kwenye kundi la simu la kina mama wenzake wa maulidi, wa Likoni nzima na ng'ambo ya feri, na mmoja kauliza hadharani, si kitanda cha harusi ya mwanao hiki? Na asumini juu! Alilitamka neno asumini kama kwamba ni tusi.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Thelathini! Nilisema mwisho thelathini! Ilimfikiaje?

Nikampigia wifi Mwanasha baadaye. Ndiye aliyemfungulia mama ukurasa. Alipoulizwa siku ya kuzaliwa hakuijua ya mama, na mama mwenyewe husema tu alizaliwa mwaka wa mvua nyingi. Basi wifi akaandika ya kwake. Kwa hivyo huko mtandaoni mama mkwe wangu ana miaka ishirini na sita. Mtandao humletea matangazo ya mafuta ya nywele na ya vyuo. Na vitanda vya maharusi. Siku nyingine ningecheka hadi nianguke.

Salim karudi kichwa chini. Wanaume wa pale kibandani kwa kahawa walimwita kwa sauti, "Bwana harusi! Asumini bado mbichi?" Alinywa nusu kikombe akaondoka.

Nilimwomba radhi. Akasema kosa ni letu sote, maana aliitazama ile picha akaona tendegu, hakuona chumba. Ni kweli. Hilo lilinifanya nilie zaidi.

Tangazo nimelifuta.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Simu kimya.

Salim hakwenda karakana. Ameshinda akipima kabati langu la nguo. Anataka kulitia rafu mbili za ndani. Nikauliza haraka ya nini. Akasema tu, liwe tayari.

Nimeelewa. Anamaliza kazi za nyumbani.

Baadaye kidogo kaniambia miaka miwili si mingi, watu wanakwenda na wanarudi, tutaongea kila siku kwa video, nitamwona akila na ataniona ninavyopika. Nikamjibu ndiyo. Nimeolewa na mtu, si na picha. Hilo sikumwambia.

Naichukia simu. Nimejichukia mimi pia kidogo. Ningepiga picha ya kawaida labda leo pangekuwa na mteja mmoja. Labda pasingekuwa. Sijui. Najua tu kwamba nikiinuka kwenda jikoni namwangalia mara mbili, kana kwamba yuko kwenye foleni na wakati wowote ataitwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilikuwa naanika nguo. "Rukia!" Sauti ya mama mkwe. "Abee, mama!" Nikadhani ameona kitu kingine tena.

Aliingia, akaketi, akakataa chai, kisha akaikubali. Amenuna. Simu mkononi.

"Hawa wanawake wamenichosha," akasema. "Sikiliza."

Akabonyeza. Sauti ya mama mmoja, nzito, ya taratibu. Assalamu alaykum Bi Mwanahamisi, habari za tangu jana, mguu wako waendeleaje, na wajukuu, na huko kwenu mvua imenyesha? Nikadhani huo ndio ujumbe wote. Kumbe bado. "Sasa dada yangu, mimi na ile picha. La aibu tumeshalisema, limekwisha. Lakini kile kitanda, fundi ni nani? Changu mimi kiko chini kama mkeka. Kuinuka kwa swala ya alfajiri ni kazi ya watu wawili."

Akabonyeza nyingine. Mama mwingine, binti yake aolewa mwakani, hataki kitanda cha misumari. Nyingine. Huyu ametazama mpaka nguzo za chandarua, amesema siku hizi mafundi hawazitii, mbu wanatula. Nyingine, nyingine. Ile picha niliyoifuta bado inazunguka kwao, imehifadhiwa, imetumwa, imekuzwa. Na hakuna hata mmoja aliyetia moyo mwekundu.

"Kazi ya mwanangu ni nzuri," mama akasema, akitazama ukuta. "Aibu ni ya kwenu, kazi ni ya kwake." Kisha akanigeukia. "Na wewe mtoto wa skuli, wawauzia vijana vitanda? Kijana hanunui kitanda! Hununuliwa!"

Nilikaa na kikombe mkononi kikapoa.

Ni kweli kabisa. Hiki changu nani alikichagua? Salim alikitengeneza, lakini mama yangu ndiye aliyevuka feri kutoka Magongo na shangazi, akaketi karakana asubuhi nzima. Akazibonyeza chaga, zile mbao za kulazia godoro, kwa kiganja moja moja. Akamwambia Salim, "Mwanangu, ongeza urefu, mke wako atazeeka humu." Mimi siku hiyo nilikuwa saluni.

Nimemshika mama mkwe mkono nikaubusu. Akauvuta. Lakini si haraka.

Sharti lake ni moja. Picha ipigwe karakana. Mchana kweupe. Bila maua.

Jumapili, 16 Novemba

Tumehamisha kitanda chetu! Salim alikifungua, kipande kwa kipande, hakuna msumari hata mmoja, vyote ni viungo. Tukakipakia kwenye mkokoteni. Bofu nzima imetuona. Mzee mmoja akauliza kama tumeachana. Salim akamjibu, "La, mzee, twakipeleka kupigwa picha."

Karakana tumekisimamisha kwenye unga wa mbao. Hakuna shuka. Mbao tupu, na jua linaingia ubavuni. Wallahi ni kizuri kuliko siku ile. Mama mkwe alikuja kusimamia. Akasimama kando kuonyesha urefu, ukingo ukimfika juu kidogo ya goti. Nikampiga picha hivyo. Akalitengeneza buibui lake, akataka nirudie.

Leo twalala kwenye godoro chini. Salim anasema maisha ni popote. Nimemtupia mto.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeweka tangazo jipya. Wanawake. Mombasa na viunga vyake. Umri arubaini na tano na kuendelea.

Nilipochagua hivyo nilidhani simu itaniambia hakuna mtu. Ilinionyesha makadirio ya watu linaloweza kuwafikia, nikadhani nimekosea nikaanza upya. Wamo. Wamejaa. Wameingia lini hawa wote? Nani aliwafungulia mlango?

Kisha nikafikiri. Mama yangu ananiomba bando kila wiki. Shangazi yangu anatazama mapishi ya Kihindi. Mama mkwe anasikiliza mawaidha akikaanga samaki. Watoto wako Uarabuni, wako Nairobi, wajukuu wanaonekana kwenye kioo cha simu tu, basi kina mama wamejifunza kioo. Mimi nilikuwa bado nawaona kama wageni humo. Kumbe wameshahamia na mizigo yao, mimi nawatafuta wenzangu tu.

Hadi adhuhuri hakuna kitu. Hakuna moyo, hakuna neno. Baada ya alasiri simu ikalia. Ikakatika, ikalia. Hawaandiki hawa. Wanapiga. Na asiyepiga anatuma sauti, na sauti yake ina salamu kamili, na maradhi, na mvua, na mwishoni kabisa ndipo kitanda. Nimebadilisha kitufe cha tangazo, kilikuwa cha kutuma ujumbe, nimeweka cha kupiga simu.

Jioni mwanamke alifika karakana kwa tuktuk, mnene, mchangamfu, marashi yake yametangulia. Alitaka kile kile kilichopo. Leo leo. Salim hana oda iliyothibitishwa hata moja. Alhamisi iko mlangoni. Akamwambia, "Samahani mama, hiki kina mwenyewe."

Yule mama akanitazama mimi, akaona hina ya kuchani iliyofifia. Akacheka sana. "Aa! Haya, mwanangu. Nichongee ndugu yake."

Sitasahau alivyosema kina mwenyewe. Nikifa leo niandikiwe hilo.

Jumatano, 19 Novemba

Kitanda kimerudi nyumbani.

Oda zimekuja. Yule mama wa tuktuk ameleta mbao zake mwenyewe, alizihifadhi tangu ajenge. Mama wa bibi harusi wa mwakani amethibitisha. Bi Rehema wa Kisauni amepiga mara tatu, anataka fundi akampime chumba. Wengine bado wanasalimia.

Salim hasemi lolote la Uarabuni. Leo amekwenda kuongea na mwenye duka la mbao, akarudi, akala. Sijui kama mambo haya yanamtosha. Vitanda vichache si maisha, najua. Mwezi ujao simu inaweza kunyamaza tena, najua pia. Kule kuna mshahara usiotegemea goti la mtu.

Sitamwuliza. Nikimwuliza atanijibu kwa ajili yangu, na baadaye huenda akajuta kwa ajili yake. Lakini naogopa. Nimekuna nazi mbili, na twala ugali.

Alhamisi, 20 Novemba

Salim alipiga simu asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Hakutoka nje. Aliketi pale pale jamvini, mbele yangu, akaweka sauti ya juu nisikie.

Akamsalimia ami yake. Akauliza watoto, akauliza joto la huko. Mimi nilikuwa nakata vitunguu na sikuona ninachokata.

"Ami, nakushukuru sana. Lakini mimi nabaki."

Ami Nasoro akauliza, "Umepata kazi huko, au umepata mke?"

"Vyote viwili, ami."

Ami akacheka, cheko kubwa la mtu mnene. Akasema basi amtengenezee na yeye kitanda, atakapostaafu arudi akute pa kulala. Nimempenda ghafla.

Salim alipokata simu aliniona machozi. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema, "Vitunguu vibaya hivyo, vitupe." Akanifuta kwa kiganja. Kiganja kigumu, kina ngozi kama msasa. Nilitamani asikiondoe.

Kisha akakumbuka amechelewa, akaondoka bila chai. Nikamkimbilia na chupa hadi barabarani. Watu walisema. Waseme.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo tumekwenda Kisauni kwa Bi Rehema. Nilimsindikiza Salim kwa kuwa Bi Rehema mwenyewe alitaka kuisikia sauti ya "yule msichana wa simu" kwa karibu.

Nyumba safi, kimya. Mtu mmoja ndani. Watoto wake wako mbali, kila mmoja na nchi yake. Alituambia alikuwa amekaa na simu akingoja bintiye apige, ndipo picha ya mama mkwe na kitanda ikapita. Tangu aibonyeze, simu haimwachi. Vitanda, magodoro, mito, mashuka. "Sasa yadhani nataka kulala mchana na usiku," akasema. Tulicheka sote.

Salim alimketisha kwenye kiti, akapiga magoti, akampima kutoka unyayo hadi goti. Aliomba ruhusa kwanza. Kisha akapima chumba. Akasema, kwa kuwa yuko peke yake, kitanda cha upana mdogo kitampa nafasi ya kupita na ya kutandika msala.

Bi Rehema akakitazama kile kitanda chake kikuukuu, cha watu wawili.

"La, mwanangu. Upana ule ule. Mimi hulala upande wangu."

Salim akaandika. Hakuuliza. Mimi nilitazama upande ule mwingine wa kitanda, shuka limenyooshwa vizuri, mto umewekwa. Mume wake amefariki siku nyingi.

Alitupa kahawa na kaimati. Aliniuliza kama mama mkwe wangu yu mzima, kama nimezoea Likoni, kama nakula vizuri. Tulipoaga alinishika mkono akasema kitanda tusiwape wachukuzi tu wakakileta na kukitupa mlangoni. Tuje wenyewe. Tukae. Tule.

Njiani, kwenye daraja, Salim alinishika mkono ndani ya mkoba wangu, mtu asione. Jua lilikuwa limelegea. Nimefika, nimevua viatu, nimeandika haya kabla sijapika.

Mti wake uko tayari, Salim anaanza Jumatatu, na yule mwenye duka la mbao atamsaidia kuranda ili kiwahi. Nimemwahidi Bi Rehema. Tutakuja wote wawili, kabla mwezi huu haujaisha, na tutakaa mpaka atuchoke.